Baiskeli Iliyogoma kwa Bibi Silvana

Hivi wewe umewahi kuona baiskeli inayokataa njia? Ya Herieth ilikataa. Ikifika mbele ya nyumba ya Bibi Silvana, pale Kasense barabara inapoanza kuteremkia mtoni, tairi la nyuma linabanwa, kriii, na mtoto anashuka.

Ilikuwa baiskeli mpya, ya zambarau. Kasimiri aliinunua Tunduma alikokuwa amepeleka mahindi, akamletea binti yake wa miaka minane. Chini ya usukani ilikuwa na kijisanduku cheusi chenye jicho. Jicho likiona ng'ombe, mtu au ukuta mbele, kijisanduku kinalia pii, pii, na breki inajibana yenyewe.

Baltazari, fundi baiskeli, aliizunguka mara mbili akifuta mikono kwa tambara.

"Baba Herieth, hiki kitu si cha mtoto. Mtoto afundishwe kubana mwenyewe, mkono uzoee."

"Mkono wa mtoto unakosea, fundi. Hii haikosei." Kasimiri akamgeukia binti yake. "Umesikia? Breki usiziguse kabisa. Wewe kanyaga pedali tu. Mtoto wangu huyu haogopi kitu!"

"Ndiyo, baba," Herieth akaitikia.

Wiki ya kwanza baiskeli ilimwona ng'ombe wa jirani, ikalia pii, pii, ikasimama, watu wakapiga makofi. Kwa Bibi Silvana ilisimama bila kulia. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto akawa anaikokota kutoka hapo mpaka shuleni, ng'ambo ya mto.

"Hata mlio unakufa," wanawake walisemezana bombani. "Pale kuna kitu."

Kasimiri akaanza kumsindikiza, yeye nyuma kwa pikipiki. Ilikuwa Juni, baridi ile ya kukata masikio, na mtoto alivaa sweta la mama yake lililomeza mikono mpaka ncha za vidole. Baba akaona kwa macho yake: mbele hakuna ng'ombe, hakuna mtu, na tairi limeganda.

Akamwita Baltazari. Fundi akapanda, magoti yakigonga usukani, akapita kwa Bibi Silvana mara tatu kama anayekwenda harusini.

"Nzima hii."

"Basi kilichopo hapo hakikutaki wewe," Kasimiri alisema polepole. "Kinamtaka mtoto."

Bibi Silvana alikuwa mjane, akiishi na mbuzi wake mmoja, na ulezi wake ulikuwa umeinamia barabarani. Siku ile Kasimiri alimwendea kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Huu ulezi, jicho la baiskeli linauona."

"Marahaba. Ulezi wangu na baiskeli, wapi na wapi?" Akacheka, pengo likaonekana. Lakini alichukua kisu, akakata mistari miwili ya pembeni, masuke mengine yakiwa bado mabichi.

Kesho yake baiskeli ikasimama.

Watu wakamwambia aondoe mbuzi. Akamhamishia nyuma ya nyumba. Ikasimama. Wakamwambia abomoe kichanja cha vyombo kilichokuwa karibu na njia, maana masufuria yanameremeta. Akabomoa. Ikasimama. Wakamwambia asionekane nje watoto wakipita. Akakaa ndani, mlango umefungwa, akiwatazama kwa upenyo wa dirisha. Ikasimama.

Asubuhi hiyo alilifungua dirisha lote, akaita, "Baba Herieth! Acha kuangalia baiskeli. Mwangalie mtoto wako!"

Maneno hayo yalifika sokoni kabla ya saa nne, yakiwa yameshatiwa chumvi. Amemtishia mtoto. Amesema mtoto hafiki Krismasi. Jumapili, kanisani, benchi alilokaa Bibi Silvana lilibaki lake peke yake. Jumatatu, mchana kweupe, jiwe lilitua juu ya bati lake, halafu la pili. Wanaume watatu walisimama barabarani wala hawakujificha.

Mwanawe akaja na gari kutoka Namanyere kumchukua. Bibi akapakia godoro, sufuria mbili na sanamu ya Bikira Maria aliyoifunga kwa kanga. Mbuzi alikataa kupanda, akaachwa kwa jirani. Hakuna aliyesema kwaheri. Herieth alikuwa kwenye kundi, ameshika sketi ya mama yake. Bibi Silvana alimtazama mpaka gari likaondoka.

Asubuhi iliyofuata watu walijipanga kando ya barabara kama wanasubiri mgeni. Mlango wa Bibi Silvana ulikuwa umefungwa kwa waya. Herieth akatokea, anakanyaga pedali taratibu, mikono imezama kwenye sweta, baba yake nyuma.

Kriii.

Mama mmoja akajifanyia ishara ya msalaba.

"Ameondoka lakini dawa zake ameziacha humo ndani," mtu akasema.

"Nyumba ndiyo inayomshika mtoto."

"Sasa mnasubiri nini?"

Kasimiri alishuka kwenye pikipiki. Nyuma alikuwa amefunga kidumu cha petroli, kumbe alitoka nacho nyumbani. Hakumtazama mtu. Akamwaga mlangoni, akamwaga dirishani, akawasha kiberiti. Cha kwanza kilizimika kwa upepo. Cha pili kikashika. Watu wakarudi nyuma hatua mbili, joto likawafuata. Baltazari alishika kichwa kwa mikono yake yenye grisi.

Herieth alikuwa bado amesimama katikati ya barabara, baiskeli kati ya miguu yake.

"Baba," aliita, moto ukiwa umeshaingia kwenye kenchi za paa. Ilimbidi aite tena. "Baba, ni mimi ninayebana. Naogopa mteremko. Nilikuwa nataka kushuka tu, nitembee."