Tetere wa Uani kwa Tekla

"Mama Tekla, mwanao ametutumia hesabu ya ndege asubuhi hii," alisema Bwana Ngoda wa mradi wa kuhesabu ndege, darubini ikimning'inia shingoni. "Tetere mia mbili kwenye ua mmoja! Wenzangu wanasema mtoto anatutania. Nimekuja kuhakikisha."

"Tekla hana utani huo," mama alicheka. "Pita nyuma ukajionee."

Hakumwambia kuwa jana mtoto alilia kwamba kwao ndege hawaji, naye akampa mahindi ya mbegu yaliyobaki baada ya kupanda, ayamwage uani.

Tetere walikuwepo kweli. Walikuwa wamelala chini ua mzima, mabawa wazi.

Bwana Ngoda hakuhesabu. Aliinama akaokota punje moja. Ilikuwa nyekundu.

"Mama, haya yamepakwa sumu ya wadudu. Ni ya kupanda tu, hata kuku hapewi."

"Mimi nilidhani wameyatia rangi yapendeze," mama alisema, kisha akaita. "Tekla! We Tekla!"

Mtoto alikuwa nyuma ya choo, amempakata tetere mmoja aliyekuwa bado anatweta.

"Shh, mama, utamshtua. Huyu atapona. Nimempa mahindi, hawezi kumeza, magumu. Basi namtafunia."

Mama alipiga magoti mbele yake.

"Fungua mdomo, mwanangu."

Tekla alimfunika tetere kwa kiganja asipate baridi, kisha akautoa ulimi wote nje, mwekundu, kama mtoto anayeonyesha peremende.