Bango la Kiboko

Kiboko alikuwa na zahanati yake, na pale mapokezi alimweka Kasuku. Kasuku alikuwa hamwiti mgonjwa bila kutaja ugonjwa wake: "Fisi wa minyoo, ingia!" Benchi zima lilicheka, isipokuwa Fisi.

Ikatoka sheria kwamba siri za wagonjwa zilindwe. Kiboko, kwa kuogopa kufungiwa, akamwita Kakakuona, mshauri wa mambo hayo.

"Mzee, kabati la mafaili halina shida," Kakakuona alisema baada ya kukaa kidogo pale mapokezi. "Anza na Kasuku. Mfundishe kazi."

"Kasuku ni mtu wangu wa siku nyingi," Kiboko alijibu. "Wewe niwekee kufuli na bango, inatosha."

Kufuli likafungwa, bango likabandikwa: SIRI YAKO HAITOKI HAPA. Kiboko akavimba kichwa. Siku ya ukaguzi, Korongo, mkaguzi wa zahanati, aliingia wakati benchi limejaa, akauliza kama kweli siri zinatunzwa.

"Sana, mheshimiwa!" Kasuku alidakia. "Jana tu mke wa Chui kaja kuniuliza upele wa mumewe umetoka wapi. Sikumwambia, ng'o!"

Chui, pale benchini, akaanza kuikagua sakafu.

"Nyamaza, wewe!" Kiboko alifoka.

"Nimekosa nini tena, bosi?" Kasuku alishangaa. "Hata hayo meno yako ya bandia, yupo aliyewahi kuyasikia kwangu?"

Benchi zima likamgeukia Kiboko. Naye, mwenye mdomo mkubwa kuliko wote porini, akaufumba polepole, akabaki akimwonyesha Korongo bango kwa mguu.