Fundi Bomba Akisimama

Fundi bomba Mkwizu alikuwa ameanguka mara mbili wiki hiyo alipokuwa akiinuka kitandani. Muuguzi wa zahanati alimpima presha akiwa amelala, kisha akamwambia, "Sasa simama, fundi. Ikishuka isirudi, hutapanda tena mnara wa maji."

Mkwizu alisimama. Namba ya presha iliporomoka. Alishika ukuta, akaiona kazi yake ikienda. Muuguzi alipopima tena, namba ilikuwa imerudi juu.

"Nani kaisukuma?"

"Mwili wako mwenyewe. Umebana mishipa, moyo ukaongeza kasi."

"Na mimi miaka ishirini nashindwa kufikisha maji kilimani!"

Muuguzi alicheka. "Nenda kazini. Ila usikurupuke kuinuka."

Mkwizu hakutoka. Aliketi, akasimama taratibu, vidole viwili shingoni, akiisikiliza damu ikipanda.