Neno Lenye Mkia

“Moi,” alisema Maige.

“Mooi,” Paskalina akamrekebisha, akipuliza moto wa chai. “Ukilitaja na jiwe, liongezee mkia: mooie steen. Ukilitaja na nyumba, mkia unaukata.”

“Kwa nini?”

“Nenda kawaulize Waholanzi wenyewe. Hata lilikotoka hawajui, wanabishana tu. Wewe shika maana: zuri.”

Paskalina alikuwa amewapikia mapadri wa Kiholanzi miaka kumi na tisa. Kwa Maige, mchimbaji wa almasi pale Maganzo, huyo alikuwa chuo kikuu kilichovaa kanga. Tena alifundisha bure! Alichotaka ni kuyaona tu yale mawe.

Mawe yalikuwa mawili, kubwa na dogo, na ndiyo yaliyobeba ndoa yake. Mvua ilikuwa imeangusha nyumba, mkewe Mariana akarudi kwao Tinde, na mama mkwe akatamka: bila bati, harudi mtu.

Sasa, Maganzo mnunuzi hasifii mali. Mpelekee almasi kubwa kama yai la bata, atakunja uso kama kanusa choo. Ila Marcel, mnunuzi Mholanzi mwenye kofia ya unyoya wa jogoo, alikuwa na kaugonjwa: akiinamia lensi, anajisemea kwa kikwao.

Asubuhi Maige akampelekea mawe. Marcel akalipima dogo, akaguna. Akalishika kubwa.

“Mooi,” akanong’ona. “Mooie steen!”

Na mkia wake! Maige nusura acheke.

“Hili kubwa baya,” Marcel akasema kwa Kiswahili. “Laki mbili.”

“Haliuzwi, mzee. Kwa laki mbili chukua hilo dogo.”

Marcel akasikitika, maskini, akalipa.

Maige akalikimbiza kubwa hadi Shinyanga mjini, kwa mnunuzi aitwaye Zuleha. Zuleha akalitazama mara moja, akawaita majirani waje wacheke naye.

“Kaka, hili kawekee mlango usifungwe na upepo. Shimo lenu linatoa almasi ndogo ndogo tu. Hukuwa na dogo?”

Maige akarudi Maganzo, moja kwa moja kwa Paskalina, angalau apate mtu wa kumlilia. Uani akamkuta mchimbaji mwenzake Benjamini kakaa kwenye kigoda, jiwe kiganjani.

“Moi,” alisema Benjamini.

“Mooi,” Paskalina akamrekebisha. Nyuma yake, kwenye msumari wa mlango wa jikoni, ilining’inia kofia yenye unyoya wa jogoo.