Sukari ya Jumamosi

"Babu Pandele, kila Jumamosi sukari yako inapaa," mshauri wake wa afya alifoka kwenye simu. "Kipimo ulichovaa mkononi kinanionyesha. Unakula nini? Utakatwa mguu!"

Pandele alikitazama kijiko cha koliva, ngano tamu ya kumwombea marehemu, punje zake zikinata kwa sukari.

"Kila Jumamosi nazika wenzangu wa mgodini, binti. Ukikataa koliva, umemkana marehemu. Vumbi limewamaliza, na kampuni ikaandika eti wameuawa na sigara."

Binti aliuliza, "Ofisi ya kampuni iko mbali?"

"Kilomita tatu, mlima mtupu."

"Basi onja kijiko kimoja, kisha nendeni huko kwa miguu, mkadai ukweli uandikwe. Sukari itashuka njiani. Mmebaki wangapi?"

Pandele aligeuka, akaanza kuwahesabu wachimbaji wenzake waliokuwa wakikohoa mezani.