Rivasi ya Mwisho

Baada ya talaka, mahakama iliamua boti iwe ya Nyamizi, na Luhende mwenyewe ndiye aliyeivuta kwa pikapu, ikiwa juu ya tela, hadi ziwani siku ya kumkabidhi. Boti ilikuwa pana kuliko pikapu, ikaziba vioo vyote. Alipopiga rivasi kuteremka majini, hakuona chochote nyuma yake.

Mabula, kaka yake Nyamizi, alijaribu kumwelekeza. “Kulia! Hapana, kule kwingine!” Mara tatu tela likajikunja na kukaribia kugonga mawe.

“Mabula, hebu pisha,” Nyamizi akasema.

Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yao, kazi hiyo ilikuwa yake. Luhende akaisikia sauti yake kutoka nyuma, haina hasira wala upole. “Kata kushoto, Baba Kabula. Kidogo. Nyoosha. Njoo. Njoo.”

Akafuata kila neno. Nyumbani hakuwahi kumsikiliza namna hii, na alilijua hilo huku mikono yake ikizungusha usukani. Alitamani mteremko ule usiishe.

“Hapo hapo. Simama.”

Boti ikaelea, Nyamizi na Mabula wakapanda. Luhende akashuka, maji yakamfika magotini. “Mama Kabula,” akaanza, “mimi nilikuwa nataka...”

“Fungua kamba, tuondoke.”

Akaifungua. Mabula akawasha injini. Nyamizi alikaa mbele, uso kauelekeza ziwani, na mawimbi yaliyoachwa na boti yakaja kumpiga Luhende miguuni, moja baada ya jingine, naye bado kasimama, kamba imo mkononi.