Vibao vya Matenga Mawili

Nakiri kwa unyenyekevu mkubwa: asubuhi ile nilibadilisha vibao vya matenga mawili ya kuku, kwa mzaha tu.

Dada alikuwa amewafuga wiki sita kwa mtihani wake wa chuo. Nusu walikula chakula cha kawaida, nusu kilichochanganywa na kitunguu saumu. Wote weupe, wote wanene, wote sura moja. Roho ikanisuta, nikavirudisha vibao kabla ya chai.

Sasa mwalimu wake alikuwa uani na mizani. "Wa saumu ni wepi?"

Mama akaninong'oneza, "Nilikuona dirishani, mtukutu wewe. Nilishavirudisha ulipokuwa unaoga."

Nikahesabu vidoleni. Kumbe mimi ndiye niliyeviharibu tena! Nikafungua mdomo kuungama.

Dada akanikanyaga. "Nyamaza! Hata mimi nilikuona. Nimevibadilisha sasa hivi."

Nikakunja kidole cha nne. Basi viko sawa? Mwalimu alikuwa ameshamshika kuku wa kwanza miguu, kucha za njano zikikwaruza hewa.

Baba akaacha kunoa kisu. "Jamani, huyu kijana aligeuza vibao," alisema kwa sauti. "Msihangaike, nimeshaviweka sawa."